Nafasi ya Mpigaji Ni Kazi, Si Cheo

Kenya ikishindwa katika kriketi, hukumu hutolewa kabla wachezaji hawajavua pedi. Ya kwanza husema wateuzi wamewabeba wazee na kuwafungia vijana mlango. Ya pili husema mpigaji bora amefichwa katikati ya orodha badala ya kuingia mapema. Utazisikia Nairobi Gymkhana, utazisikia Ruaraka na Mombasa Sports Club, na wanaozitoa mara nyingi ni watu walioucheza mchezo huu tangu shuleni. Zimerudiwa mno hata hakuna anayeziomba ushahidi. Mimi nauomba. Nimeutafuta katika mechi zilezile wanazozitaja wao, na kila ninapoufikia naukuta umesimama upande wa pili.

Tuanze na Steve Tikolo, maana ndiye anayetajwa kwanza. Ukubwa wake haubishaniwi. Machi 1996 mjini Kandy, Sri Lanka walipofunga 398, jumla ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika mechi ya kimataifa ya siku moja, Tikolo aliwajibu kwa mikimbio 96. Mwaka uliofuata, katika fainali ya ICC Trophy huko Kuala Lumpur, alipata 147 kati ya 241 za Kenya nzima. Kutokana na hayo wenzangu wanajenga hesabu yao: mechi ina ova 50, yaani mipira 300, mtu bora apewe mipira mingi iwezekanavyo, kwa hiyo Tikolo angefungua, au kwa uchache angeingia wa tatu, na kumweka wa nne au wa tano ni kumpoteza.

Hesabu hiyo inaichukulia mipira yote 300 kuwa sawa, na mipira haifanani. Mpira mpya ni mgumu, ngozi yake inang'aa, mshono wake umesimama. Unapinda hewani, unaruka kutoka ardhini, na anayeurusha ndiye mrushaji mwenye kasi kuliko wote, naye hajachoka. Baada ya ova 15 au 20 mpira huohuo umechubuka na kulainika, na aliyeushika ni mtu mwingine mwenye mbinu nyingine. Katika sheria za 2003, nahodha anayelinda aliruhusiwa kuweka watu wawili tu nje ya duara kwa ova 15 za mwanzo. Kwa anayependa kupiga, huo ni mwaliko. Lakini mwaliko huo huja pamoja na hatari kubwa kuliko zote za siku hiyo, na ndiyo maana tangu zamani mchezo huu una watu maalumu wa kuipokea. Mfunguzi ni fundi wa kazi yake. Anajua kuuacha mpira upite. Anajua kwamba dakika 40 za kutotoka zina thamani hata kama ubao unaonyesha mikimbio 12.

Kenya imewahi kuwa na mafundi hao. Oktoba 1997, hapo Nairobi Gymkhana, Dipak Chudasama, daktari wa meno, na Kennedy Otieno walifungua dhidi ya Bangladesh wakaweka 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Chudasama 122, Otieno 144, Kenya 347 kwa wiketi tatu. Siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba Tikolo amekaa sana na pedi zake. Malalamiko huja tu wafunguzi wanaposhindwa kazi yao, na hapo, badala ya kudai wafunguzi bora, tunadai kwamba mtu wa kazi nyingine aende akaifanye yao.

Sasa twende Durban, 15 Machi 2003, hatua ya Super Six ya Kombe la Dunia, Kenya dhidi ya Australia. Mechi hii ndiyo silaha kubwa ya wanaosema Tikolo alifichwa, na ndiyo inayowaangusha. Brett Lee alichukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo: Kennedy Otieno, Brijal Patel, David Obuya. Ubao ulisoma tatu kwa tatu. Mikimbio mitatu, wiketi tatu, na ova za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo ndipo Tikolo alipoingia. Yeye na Ravindu Shah, aliyepata 46, waliishika mechi ikiwa tayari imeanza kumwagika. Tikolo akafika 51. Kenya ikamaliza ova zake zote kwa 174. Haya, chukua mpangilio mnaoutaka ninyi. Mwingizeni Tikolo wa tatu mchana ule. Anakutana na Lee mpira wa pili wa mfululizo ule, Lee akiwa katika kasi ambayo wapigaji wa dunia nzima waliikimbia mwaka ule. Huenda angeuzuia. Ninyi mnacheza kamari kwamba angeuzuia. Lakini akitoka, nani anaingia kuikusanya? Mnaweka mali yote ya nyumba kwenye dau moja la dakika 10 za kwanza, kisha mnaita huo ujasiri.

Hapo huletwa jina la Tendulkar. Katika Kombe lilelile la 2003 Sachin Tendulkar alirudi kufungua baada ya kipindi cha kupigia namba nne, akapata mikimbio 673, jumla ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana katika Kombe la Dunia. Basi, wanasema, mkubwa hufungua. Ni kweli India walimfungulisha, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa Tendulkar akitoka mapema nyuma yake kulikuwa na Ganguly, Dravid, Kaif na Yuvraj. Waliweza kulipa gharama hiyo. Tuliokutana nao katika nusu fainali tunawajua: Ganguly 111 bila kutoka, Tendulkar 83, India 270 kwa nne. Upande wetu Tikolo alipata 56, na timu nzima 179. Nchi yenye wapigaji watano wa daraja moja inaweza kumtanguliza yeyote. Nchi yenye mmoja lazima ijiulize ni saa ngapi ya mechi ambapo haiwezi kuwa bila yeye.

Na kama ni mifano ya wakubwa, mbona hatajwi Michael Bevan? Australia, timu iliyotawala dunia miaka hiyo, ilimweka mtu mwenye wastani uliozidi 50 katika nafasi ya nne, ya tano, hata ya sita, mwaka baada ya mwaka. Kazi yake ilikuwa kuwepo mwishoni. Aliingia wenzake wakiwa wameanguka au wakati mikimbio ikihitajika haraka, akaimaliza mechi. Hakuna Mwaustralia aliyesema Bevan amepotezwa, kwa sababu walielewa kazi aliyopewa.

Kuna jambo ambalo lazima nilikubali, maana bila hilo hoja yangu haiwi ya haki. Namba tatu ya Kenya mwaka 2003 haikuzaa mikimbio ya kutosha. Anayesema hivyo anasema kweli. Lakini pengo katika namba tatu linadai namba tatu mpya. Halidai kumhamisha namba nne na kufungua pengo jingine pale alipotoka. Katika mijadala yetu yote ya miaka ile, ni mara ngapi mtu alisimama na jina la kijana wa klabu, akasema huyu anaujua mpira mpya, mpeni kazi hiyo mechi kumi? Ilikuwa rahisi zaidi kulitaja jina ambalo kila mtu analijua.

Tena, ushindi uliotupeleka mbali mwaka ule haukubebwa na gongo la Tikolo. Tarehe 24 Februari 2003, Gymkhana ikiwa imefurika, Kenya iliwafunga Sri Lanka kwa mikimbio 53. Mfunguzi Kennedy Otieno alipata 60. Tikolo hakufika hata 20. Walio katikati walichangia kidogo kidogo mpaka 210, kisha Collins Obuya akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Dhidi ya Bangladesh mjini Johannesburg, Maurice Odumbe, aliyeingia baada ya wengi kutoka, alibaki na 52 zake, kisha akachukua wiketi nne. Dhidi ya Zimbabwe mjini Bloemfontein lengo lilikuwa dogo, 134, na nahodha akampandisha Thomas Odoyo, mtu wa kupiga kwa nguvu ambaye kwa kawaida aliingia baadaye. Akapata 43 bila kutoka, na mechi ikaisha mapema. Huo ndio ubadilishaji wa mpangilio ninaouheshimu. Una sababu inayotokana na mechi yenyewe: lengo hili, mrushaji huyu, ova hizi zilizobaki. Nahodha aliyefanya hivyo, Tikolo mwenyewe, hakuwa akimtuza Odoyo wala kumpoza mtu aliyelalamika.

Ubadilishaji ninaoupinga ni ule wa hasira, unaofuata kila kipigo. Mtu anafungua Jumamosi, Jumatano anaingia wa saba, wiki inayofuata hayumo, mwezi ujao ni wa tatu. Anajifunza nini? Mpigaji wa sita hufanya mazoezi ya kuanza haraka dhidi ya warushaji wa kuzungusha, huku watu watano wako mpakani. Mfunguzi hufanya mazoezi ya kuuacha mpira nje ya wiketi. Ukimzungusha mtu katika kazi hizo mbili kila wiki, utapata asiyeijua hata moja, kisha utamwacha kwa kusema hana kiwango.

Collins Obuya ndiye shahidi wangu mkubwa hapa. Mwaka 2003 alikuwa mrushaji wa kuzungusha aliyeingia kupiga karibu na mwisho. Uzungushaji wake ulipofifia, angeweza kuachwa kabisa, na wapo waliotaka iwe hivyo. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, kwa miaka, akajenga upigaji wake kuwa kazi yake ya kwanza. Tarehe 13 Machi 2011 mjini Bangalore, Australia wakiwa wamefunga 324, alipata 98 bila kutoka. Mikimbio miwili tu ilimtenganisha na mia dhidi ya mabingwa waliokuwa wakilishikilia Kombe la Dunia. Mpigaji wa namna hiyo hupatikana kwa miaka minane ya subira, na subira ndiyo inayokosekana katika kila hukumu ya siku ya kushindwa.

Hilo linatuleta kwa wazee.

Wanaotaka wakongwe waondolewe husema historia iko nao: timu ya 2003 ilizeeka pamoja, hakuna aliyewapisha vijana, tukaanguka. Kwanza, vijana hawakufungiwa mlango. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, Kenya ilipowaondoa West Indies kwa 93 na kuishangaza dunia, Thomas Odoyo alikuwa na miaka 17. Alipewa nafasi chini ya orodha, ambako kosa lake lisingeivunja timu, akapata 24 katika jumla ya 166. Jumla yenyewe ilikuwa ndogo hivi kwamba mikimbio 37 ya nyongeza, zawadi za warushaji wa West Indies, iliwazidi wapigaji wetu wote mmoja mmoja. Mikimbio 24 ya kijana wa 17 katika hali hiyo ilikuwa na uzito wake. Waliomchagua Odoyo hawakumchagua kwa kuwa ni kijana. Waliona kazi anayoiweza, wakampa ile tu, na baada ya miaka saba alikuwa nguzo.

Mwaka 2003 kikosi kilikuwa na Collins Obuya wa miaka 21 na Aasif Karim wa miaka 39, wote warushaji wa kuzungusha. Karim alikuwa ameshastaafu. Mwana wa Mombasa, aliyeichezea Kenya hata tenisi ya Davis Cup, aliitwa arudi, na walikuwapo waliouona mwito huo kuwa aibu: taifa limeishiwa hata linafukua wastaafu. Kisha ikaja ileile 15 Machi, Durban, jioni. Karim alirusha ova nane na mipira miwili. Katika ova sita kati ya hizo hakutoa hata mkimbio mmoja. Alitoa saba kwa jumla, akawaondoa Ponting, Lehmann na Hogg. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa mzee wetu. Chini ya kanuni ya kuondoa wakongwe, kanuni inayoanza na cheti cha kuzaliwa, asingekanyaga uwanja ule.

Najua mtakakonipeleka: 2011. Kenya ilipoteza mechi zote sita za Kombe la Dunia. Mjini Chennai dhidi ya New Zealand tulitolewa kwa 69 na kushindwa kwa wiketi kumi. Tikolo alikuwa na miaka 39, hakung'ara, akastaafu mashindano yalipokwisha. Hapo mnasema mmemaliza. Lakini itazameni orodha ya siku ile ya Chennai. Juu kabisa, mbele ya mpira mpya, walisimama Alex Obanda wa miaka 23 na Seren Waters wa miaka 20. Walikuwa vijana wenye vipaji, na waliwekwa mahali pagumu kuliko pote. Kama ujana ungekuwa dawa, dawa ilikuwa imekwisha kutolewa. Na katika mashindano yale yale, mchango mkubwa kuliko wote ulitoka kwa Collins Obuya, mtu wa mashindano matatu ya Kombe la Dunia. Sisemi Tikolo alistahili kucheza kila mechi ya mwaka ule. Mpigaji asiyepata mikimbio hana hoja, awe na miaka 39 au 19. Ninasema aliyekuwa na haki ya kumwondoa ni mtu mwenye mikimbio mingi kuliko yake katika nafasi ileile, na mtu huyo hakuwa ameandaliwa.

Kwa nini hakuandaliwa? Jibu si uzee wa mtu. Mwaka mmoja baada ya nusu fainali, 2004, Kenya ilicheza mechi mbili tu za kimataifa za siku moja, zote katika Champions Trophy huko Uingereza. Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Wachezaji waligombana na viongozi kuhusu malipo. Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa uhusiano na wacheza kamari. Chama kikaporomoka, kikaundwa kingine. Kijana aliyepaswa kuingia namba sita mwaka 2004, akosee, arekebishwe, apande namba nne mwaka 2007, hakupata mechi za kukosea. Halafu tunawageukia waliobaki wakicheza, tunawaambia ninyi ndio mliowazibia wenzenu.

Baada ya 2011 mlipata mlichokitaka. Wakongwe wengi walipumzishwa, majina mapya yakajaa. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa muda kidogo kila mtu alifurahia. Mwishoni mwa 2013, Kenya ilipokwenda kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia la T20, ilimwita Tikolo atoke kustaafu, akiwa na miaka 42. Nafasi hatukuipata. Mapema 2014 tukapoteza na hadhi ya kucheza mechi rasmi za ova 50. Mkinitajia kurudi kwa Tikolo kama uthibitisho wa ugonjwa, tunakubaliana kwamba ni ugonjwa. Tunatofautiana kuhusu jina lake. Mtu wa miaka 42 haitwi arudi katika nchi ambayo nafasi yake imejazwa. Na haikujazwa kwa sababu tulidhani kumwondoa mtu na kumpata mrithi wake ni tendo moja.

Majirani zetu Uganda wamelijibu suala hili vizuri kuliko sisi. Frank Nsubuga alianza katika ICC Trophy ya 1997, mvulana wa miaka 16 katika timu ya Afrika Mashariki na Kati. Juni 2024, huko Guyana, akiwa na miaka 43 na mkubwa kwa umri kuliko wachezaji wote wa Kombe la Dunia la T20, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne, akachukua wiketi mbili. Papua wakatoka kwa 77. Uganda nao walipoteza nusu ya wapigaji wao mapema wakiifuata jumla hiyo ndogo, na aliyewaokoa ni Riazat Ali Shah, aliyesimama katikati akapata 33 huku wengine wakianguka. Ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia ulitokana na mrushaji ambaye kanuni yenu ingemwacha nyumbani, na mpigaji wa katikati aliyekuwepo pale alipohitajika. Ni kweli wiki hiyo hiyo West Indies waliwatoa Uganda kwa 39. Lakini hakuna aliyesema Nsubuga ndiye aliyesababisha.

Lipo pia lalamiko ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba timu ni ya familia. Ndugu watatu, Kennedy Otieno, David na Collins Obuya, katika kikosi kimoja. Akina Suji wawili. Baadaye ndugu wa ukoo wa Ngoche. Sioni doa hapo. Nchi yenye viwanja vichache, ambayo mtoto hujifunzia kriketi kwa kaka yake, itazaa ndugu. Anayetaka kikosi cha majina mengi adai viwanja vingi, na hapo nitasimama naye.

Wateuzi wetu hutangaza majina, kisha hunyamaza. Hapo ndipo ningetaka hasira ya mashabiki ielekezwe. Wakitangaza kikosi, watangaze na kazi: huyu ni mfunguzi, huyu ni namba tatu wa kuupokea mpira unaopinda, huyu anaingia mwishoni kupiga. Waseme amepewa kazi hiyo kwa mechi ngapi kabla ya kuhukumiwa, na wasiivunje ahadi hiyo kwa sababu ya Jumamosi moja mbaya. Kijana akichaguliwa, tuonyeshwe mikimbio yake katika nafasi ileile aliyopewa, kwa klabu ipi na dhidi ya warushaji gani. Na mkongwe akiachwa, tutajiwe jina la yule anayeifanya kazi yake vizuri zaidi, na mechi ambazo ameifanya.